Behewa Lililojua Umeme Utaishia Njiani

Leo nitaongea kuhusu treni. Mnivumilie kidogo, nitarudi kwenye kompyuta.

Kusini mwa Uingereza treni nyingi hupata umeme wa volti 750 kutoka reli ya tatu iliyolazwa kando ya njia. Zamani abiria wa kwenda Ufaransa walitoka London kwa treni hizo, wakapanda meli Dover au Folkestone. Mizigo yao ilitakiwa kufika gatini pia, lakini umeme haukufika kila kona ya gati.

Basi kati ya 1959 na 1961 British Railways iliunda mabehewa 10 ya mizigo yenye mota zake. Kila moja lilikuwa na chumba cha dereva pande zote mbili, na betri. Likiwa kwenye reli yenye umeme, betri zilichajiwa. Reli hiyo ikiisha, behewa lilijiendesha kwa betri. Mwaka 1984 treni za uwanja wa ndege wa Gatwick nazo zikapata mabehewa ya mizigo yenye mota, ila hayo yaligeuzwa kutoka mabehewa ya zamani ya abiria.

Yale 10 ya kwanza ndiyo yananifurahisha. Wahandisi hawakusema, "Tungoje umeme ufike kila mahali." Walitazama unapoishia, wakaunda chombo cha kumalizia safari.

Sasa turudi kwetu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika programu ya kusajili wagonjwa. Ofisini Nairobi ilipendeza kweli. Kule zahanati mtandao ulikatika katikati ya fomu, kila kitu kikapotea, muuguzi akaanza upya huku mama mwenye mtoto mgonjwa akisubiri. Wiki iliyofuata alikuwa amerudi kwenye daftari lake. Sikumlaumu. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: programu isiyohifadhi data kwenye simu yenyewe, na kuituma mtandao ukirudi, haijakamilika. Tusidanganyane kwamba hilo ni jambo la toleo la pili. Najua kazi ni ngumu. Watu wawili wakibadilisha rekodi moja bila mtandao, ifuatwe ya nani? Lakini ugumu huo ni wetu kuubeba, si wa muuguzi.

Wewe je, programu yako hufanya nini mtandao ukikatika?