Walioumia kichwa wafuatiliwe hata baada ya picha

Mhariri,

Kijana wa bodaboda akianguka hapa Garsen akazimia, tunamkimbiza Malindi, zaidi ya kilomita 100, apigwe picha ya kichwa. Ni sawa kabisa: skani ya CT huonyesha upesi damu iliyovujia ndani ya fuvu, nayo huua. Lakini picha ikitoka safi, ubongo huenda bado umeumia. Nyuzi zake nyembamba zilizovutika mara nyingi hazionekani. Basi anarudi nyumbani, anasahau alikoweka ufunguo wa pikipiki, anamfokea mamake, mwanga unamchoma macho, na majirani wananong'ona kuwa karogwa. Inaniuma sana. Naomba zahanati zetu zimwite tena baada ya wiki kadhaa, na jamaa zake waelezwe mapema watarajie nini.

Msomaji,
Garsen, Tana River