Kiswahili cha Likasi Nacho Kina Mizani



Kuna neno linalosemwa sana katika mji wetu, sokoni na hata mlangoni mwa kiwanda. Husemwa kwamba mashairi ni kazi ya watu wa Mombasa na Unguja, na kwamba Kiswahili cha Katanga ni cha kuagizia kazi na kununulia unga tu. Neno hili linaumiza, tena si kweli. Anayelisema hajapima. Basi, na tupime.

Shairi la pwani lina viungo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvijua. Mstari mmoja huitwa mshororo, na mishororo ikikusanyika huwa ubeti. Hesabu ya silabi katika mshororo ni mizani. Sauti zinazolingana katikati au mwishoni mwa mishororo ni vina. Mshororo wa mwisho wa ubeti ni kituo, nao ukirudiwa kila ubeti huitwa kibwagizo, kwa sababu wasikilizaji huupokea pamoja.

Shairi la kawaida lina mishororo 4 katika ubeti, na kila mshororo una mizani 16, iliyokatwa 8 na 8. Utenzi ni mfupi zaidi: mishororo 4 ya mizani 8. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachoshikwa tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo utenzi hufaa kwa masimulizi marefu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000.

Sheria hizi zilielezwa na Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi. Je, alikuwa mtu wa Mombasa au Unguja? La. Alizaliwa Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbali na bahari na karibu na sisi.

Sasa tutazame ubeti huu, tuliotunga kwa ajili ya ukurasa huu:

Tuliamka mapema,
Shimoni tukainama,
Vumbi likatuandama
Hadi jioni nyumbani.

Hesabu kwa vidole: tu-li-a-m-ka-ma-pe-ma. Ni 8. Mtu wa pwani huhesabu ile "m" peke yake kuwa mizani moja. Sisi wa Likasi husema "tuliamuka": tu-li-a-mu-ka-ma-pe-ma. Tena ni 8! Yeye anasema "mtoto", sisi "mutoto". Wote tuna 3. Yeye "watu", sisi "batu". Wote tuna 2. Liko wapi basi lile kosa la ulimi wetu linalovunja shairi? Matamshi yametofautiana, lakini kipimo ni kile kile.

Wala tusidhani kwamba pasipo vina hapana shairi. Waluba wana kasala. Kasala haihesabu silabi wala haitafuti vina vya mwisho. Nguvu yake ni majina: jina la mtu, la baba yake, la ukoo wake, sifa juu ya sifa, na maneno yanayorudi kwa sura nyingine mpaka msikilizaji atokwe na machozi. Msibani, anayejua kasala humkumbusha kila mtu alikotoka. Hiyo nayo ni sanaa yenye sheria, na anayezivunja hugunduliwa mara moja na wazee.

Tena kuna nyimbo za gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco hapa hapa, wakati mji ulipoitwa Jadotville. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, na sahani zake zikasikilizwa hadi Nairobi. Watu wa huko hawakumwambia kwanza aende pwani akajifunze kusema.

Kwa nini tunayaandika haya kwa watu wanaorudi kazini wamechoka? Kwa sababu mtu aliyeambiwa kila siku kwamba lugha yake haifai, mwisho hunyamaza. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za taifa, lakini heshima ya lugha haiishi katika karatasi ya serikali. Inaishi vinywani. Mzee anayejua kasala akizikwa bila mjukuu kuipokea, hakuna sheria itakayoirudisha.

Wako wanaosema kwamba mizani na vina ni minyororo, watu waandike wapendavyo. Sisi tunasema: jifunze kipimo kwanza. Fundi anayejua kutumia rula anaweza siku moja kuiweka kando na kukata kwa jicho; asiyeijua hukata ovyo na kuita ovyo wake uhuru.

Basi, kijana wa Likasi, chukua daftari. Nenda kwa bibi yako, uandike majina anayoyaita akiomboleza. Kisha tunga ubeti mmoja wa mizani 8 juu ya siku yako ya kazi, uuhesabu kwa vidole, uwasomee wenzako. Ukilingana, usimwombe mtu yeyote ruhusa ya kuuita shairi.