Vijana wa Kompyuta na Ahadi ya Fumba

Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza mpango wa Silicon Zanzibar, wa kuyavutia makampuni ya teknolojia yaje Fumba, na kuwaahidi wataalamu wa kigeni wepesi wa vibali vya kazi. Hatukuupinga, wala hatuupingi. Lakini kijana wetu aliyehitimu masomo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Taifa, pale Tunguu, huzunguka na bahasha ya vyeti akiulizwa uzoefu. Atautoa wapi? Tunashauri kila kampuni inayopewa kibali cha mgeni ichukue pia mwanagenzi wa Unguja au Pemba. Nanyi vijana, bahasha haitoshi: tungeni programu, japo ya hesabu za duka la mjomba, mwajiri aione ikifanya kazi.