AFYA YA WATU: Bei ya Mtungi Mmoja

Asidhani mtu ya kuwa Kware ya Embakasi, Nairobi, ilipewa jina la yule ndege wa porini. Jina latokana na machimbo ya mawe. Mawe yalichongwa, mashimo yakabaki, na kando yake watu wakajenga vyumba vya mabati, kisha magorofa yaliyosongamana. Wengi wa wakazi wake huondoka alfajiri kwa miguu kutafuta kibarua viwandani.

Watu wa mitaa ya namna hii wamehubiriwa usafi kwa miaka mingi. Huambiwa wachemshe maji, wanawe mikono, wawahi zahanati mtoto akiugua. Maneno hayo ni ya kweli kabisa, lakini yafaa ihesabiwe na gharama yake. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa shilingi 5, basi lita 1,000, yaani mitungi 50, humgharimu mnunuzi shilingi 250. Mwenye bomba nyumbani mwake, hata awe tajiri, hulipa pungufu ya nusu ya fedha hizo. Tena mipira ya wauza maji hupitishwa mitaroni, nayo ikipasuka huingiwa na majitaka. Hivyo aliyelipa zaidi ndiye anywaye machafu. Kuyachemsha kwataka makaa au mafuta ya taa, na hayo pia ni ya kununua. Kibarua akishinda zahanati na mtoto, ujira wa siku hiyo umepotea. Basi mama humpa mtoto maji kama yalivyo, wala si kwa ujinga. Amekwisha piga hesabu.

Mkulima aweza kumwonea wivu mtoto wa mjini, aliye karibu na hospitali kubwa. Uchunguzi wa kituo cha APHRC wa mwaka 2000 ulionyesha kinyume. Katika vitongoji duni vya Nairobi, watoto 151 kati ya kila 1,000 waliozaliwa walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Hesabu ya mashambani ilikuwa 113, na ya Nairobi nzima 62. Kufikia mwaka 2012 ile ya vitongoji ilikuwa imeshuka hata yapata 80.

Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, jirani ya Kware, kuwa eneo maalumu la mipango, ili maji, barabara na mifereji ya majitaka vipangwe kwa pamoja, na wenyeji wakishauriwa. Pale ambapo bomba halijafika mlangoni, mtungi hununuliwa asubuhi kabla ya unga.