SHELA JEUPE LATOKA RANGI YA CHAI, PRINTA YASINGIZIWA BURE!

Kuna bi harusi mmoja pale Kihesa mpaka leo hataki kuitundika picha kubwa ya harusi yake sebuleni. Kwenye laptop ya mpiga picha alionekana bomba, shela jeupe pee. Ilipotoka kusafishwa mjini, shela limekuwa kama limelowekwa kwenye chai na nyuso zote zimemezwa na giza. Kinachouma zaidi, pembeni yake kakaa bibi yake aliyetoka Kilolo siku ile. Bibi sasa ni marehemu na hiyo ndiyo picha yao ya mwisho.

Mpiga picha alijibu nini? Jibu lile lile la mtaani: "Printa yao mbovu hiyo, dada."

Utani pembeni, hapo printa inaonewa. Skrini nyingi zinatoka kiwandani na mwanga mkali unaovutia kwenye bluu, maana dukani kinachong'aa ndicho kinachouzika. Sasa jamaa anakaa mbele ya kioo hicho, anaona ngozi imepauka, anaongeza njano. Anaona mwanga umezidi, anapunguza. Machoni pake imekaa poa. Ila karatasi haina taa nyuma yake, kwa hiyo ile njano na lile giza vyote vinabaki hapo hapo.

Ngozi nyeusi imeonewa kitambo. Miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Weusi walikuwa wanatoka meno na macho tu. Enzi hizo lawama zilikuwa za kiwanda. Leo mipangilio yote iko mkononi mwa mpiga picha, kisingizio cha nini?

Na dawa yenyewe, inayoitwa kalibresheni, wala haihitaji mamilioni. Washa skrini nusu saa kabla ya kazi. Zima ile rangi ya machungwa ya usiku. Kwenye Windows tafuta neno dccw, utaongozwa hatua kwa hatua kuweka sawa gama, mwanga na rangi. Vipimo vinavyotumika sana ni gama 2.2 na weupe wa kelvini 6500. Kisha shusha mwanga mpaka ukurasa mweupe wa kwenye kioo ulingane na karatasi nyeupe iliyo pembeni.

Kweli, jicho nalo hudanganyika. Ndiyo maana kuna vifaa kama Spyder vinavyowekwa juu ya kioo na kusoma rangi vyenyewe. Ni ghali kwa mtu mmoja, lakini wapiga picha watano wa Kihesa wakichanga, kinazunguka kwa zamu. Mbona lensi wanaazimana?

Na kabla ya picha kubwa, safisha kwanza moja ndogo, itazame mchana dirishani. Gharama yake haifiki hata ya chipsi mayai.

Anayelipwa kutunza kumbukumbu za watu hana haki ya kubahatisha rangi. Mahafali yanarudiwa mwakani kwa wengine, harusi ya mtu hairudiwi, na bibi harudi.

Haya wadau, mpiga picha arudishe hela au asafishe upya kwa gharama zake? Tiririka hapo chini!