Fishi ya Mgonjwa Isitupwe

Kati ya 1988 na 2007, karibu watoto 2,000 wenye utapiamlo mkali, ule ambao eneo zima la Bushi linauita bwaki, walilazwa katika hospitali ya watoto ya Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Walipimwa uzito na urefu, wakapewa maziwa na dawa, wakarudi kwao. Kwenye fishi, yaani karatasi ya kila mgonjwa, wauguzi waliandika jina, kijiji, umri, hali ya mtoto alipoingia na hali yake alipotoka. Ilikuwa kazi ya kila siku, isiyo na sifa. Katikati ya miaka hiyo vita vya 1996 na vya 1998 vilipita katika Kivu yetu. Fishi zikabaki.

Miaka mingi baadaye, watafiti wa Université Catholique de Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walizifungua. Wakaanza kuwatafuta watoto wale, ambao sasa ni watu wazima, kijiji kwa kijiji, katika maeneo ya afya ya Miti-Murhesa na Katana. Wengine walikuwa wamefariki, wengine wamehama. Waliopatikana na kupimwa ni 524, umri wao wa kati ukiwa miaka 22. Walilinganishwa na watu 407 wa rika lao, wa jamii hiyo hiyo, ambao hawakupitia ugonjwa huo.

Majibu, yaliyoanza kuchapishwa mnamo 2020, yanauma. Waliougua bwaki ni wafupi zaidi. Wana mafuta mengi zaidi tumboni, na mwili wao unashindwa zaidi kuitawala sukari. Shuleni hawakufika mbali kama wenzao, vipimo vya akili viliwasumbua zaidi, na wanajithamini kidogo. Mtoto aliyetoka Lwiro akiwa na uzito mzuri aliandikiwa kwamba amepona. Miaka 20 baadaye mwili wake bado unalipa deni.

Hakuna mashine ya bei kubwa iliyoleta ujuzi huu. Uliletwa na karatasi iliyojazwa vizuri na mtu aliyekataa kuitupa. Kwa hiyo tunasema wazi: hospitali za Bukavu zinazofundisha madaktari, Hospitali Kuu ya Mkoa, Panzi na nyinginezo, zitunze fishi za wagonjwa kwa miaka mingi, na zihakikishe fishi ya idara moja inakutana na ya idara nyingine. Bila hilo, kila tunachokiita utafiti wa tiba kitabaki kazi ya mgeni anayekuja kwa miezi sita, anachukua damu, anaondoka.

Tatizo letu kubwa ni kumgawanya mgonjwa. Bwaki ni ya daktari wa watoto. Sukari na presha ni za daktari wa magonjwa ya ndani. Uchungu uliokwama ni wa daktari wa wanawake, na fistula inayofuata ni ya mpasuaji wake. Katika vituo vingi kila idara ina rejista yake na namba zake, na mgonjwa mwenyewe anatembea na daftari la shule ambalo likilowa au likipotea, historia yake yote imekwisha. Lakini huyu anayegonga mlango baada ya mlango ni mtu mmoja.

Chukua msichana aliyeugua bwaki utotoni. Akikua mfupi na nyonga ikawa nyembamba, mtoto wake anaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Uchungu uliokwama siku mbili, tatu, kijijini, bila mpasuaji wa karibu, ndio unaoua nyama kati ya kibofu na uke na kuacha tundu. Mkojo unatoka usiku na mchana, mume anaondoka, kanisani watu wanakaa mbali naye. Je, ni wangapi kati ya wanawake wanaopasuliwa fistula leo waliwahi kulazwa kwa njaa wakiwa na miaka miwili? Hilo ni swali la wodi tatu kwa pamoja: watoto, uzazi, upasuaji. Ni swali letu, limezaliwa hapa, na linahitaji fishi mbili tu zikutane mezani.

Panzi imekwisha kutuonyesha kinachowezekana pale maandishi ya chumba cha upasuaji yanapoheshimiwa. Hospitali hiyo ilianza 1999, ikikusudiwa hasa kuwapa wanawake mahali salama pa kujifungulia, na vita vikailetea majeraha ambayo hayakuwemo katika vitabu vya ukunga. Mwaka 2015, Daktari Denis Mukwege alitetea tasnifu yake katika Université Libre de Bruxelles juu ya fistula za wanawake wa mashariki ya Kongo: zinatokana na nini, zipangwe katika aina zipi, zitibiwe vipi. Huwezi kupanga majeraha katika aina kama hakuna aliyeandika, mgonjwa baada ya mgonjwa, tundu liko wapi, lilisababishwa na nini, na baada ya kushonwa lilifunga au halikufunga. Dunia inamjua daktari huyu kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018. Tungependa wanafunzi wa udaktari wa mji huu wamjue pia kwa kazi hiyo ya kuandika.

Mifano ya zamani ipo. Miaka ya 1960, kisiwani Idjwi, watafiti waliokuwa wakifanya kazi na kituo cha utafiti cha Lwiro, wakati huo kikiitwa IRSAC, walikuta jambo la ajabu. Upungufu wa madini ya ayodini ulikuwa kisiwa kizima, lakini tezi za shingo zilizovimba zilijaa kaskazini na zilikuwa chache kusini-magharibi. Jibu lilikuwa sufuriani: muhogo. Sumu iliyomo katika muhogo usioandaliwa vizuri huizuia tezi kuitumia ile ayodini kidogo iliyopo. Muhogo huo huo, ukiliwa chungu kwa muda mrefu na bila chakula chenye protini, hupooza miguu ya watoto na akina mama kwa ugonjwa wa konzo, nao madaktari wa mkoa huu waliuandika kutoka Burhinyi. Vita vinapomfanya mama aogope kuacha muhogo majini siku zinazotakiwa, ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaingia nyumbani kupitia jikoni. Daktari wa mishipa asiyeuliza mgonjwa amekula nini hatauona. Daktari wa lishe asiyemtazama mgonjwa anavyotembea hatauona pia.

Kisha ikaja mpox. Mwaka 2023 wagonjwa walianza kuongezeka Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu wa mkoa wetu. Watumishi wa afya wa huko waliandika walichokiona: watu wazima wengi, vidonda sehemu za siri, na miongoni mwa wagonjwa wanawake wanaouza miili yao ili waishi. Maandishi hayo pamoja na sampuli zilizopelekwa maabara ndivyo vilivyofunua tawi jipya la kirusi, lililopewa jina la Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Ugonjwa ule uliita idara zote kwa mkupuo mmoja, wa ngozi, wa macho, wa watoto, na wa uzazi kwa sababu wajawazito walikuwa wakipoteza mimba. Virusi havikungoja idara zipange mkutano.

Siku iliyofuata tangazo hilo, yalitolewa matokeo ya majaribio ya dawa iitwayo tecovirimat, yaliyofanyika Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru. Dawa haikufupisha muda wa vidonda. Wengi walisikia hilo tu, wakakata tamaa. Walipaswa kusikia na la pili: kati ya wote walioshiriki, waliopewa dawa na wasiopewa, waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wakati vifo vilivyozoeleka nchini vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Kulazwa, kulishwa, kusafishwa vidonda na kutazamwa kila siku kuliokoa watu. Kwa kituo cha afya kisicho na dawa wala fedha za kuinunua, hilo ni jibu lenye thamani kubwa. Nalo limepatikana kwa sababu kila mgonjwa aliandikiwa kila siku.

Tunajua tutakachoambiwa: hii ni nchi ya vita, tuacheni kwanza tupumue. Tunalichukua jibu hilo kwa uzito. Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa waasi wa M23, mabenki yalifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, na sampuli iliyokuwa ikipanda ndege ikakosa ndege. Mwaka huo huo fedha za Marekani zilizobeba sehemu kubwa ya afya yetu zilikatwa ghafla. Hata hivyo, kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, huko Kivu ya Kaskazini, wagonjwa 681 wa Ebola waliingizwa katika majaribio ya dawa nne huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wakati vituo vya tiba vikishambuliwa na kuchomwa moto. Majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati kwa habari njema: dawa mbili zilikuwa zinaokoa watu wengi zaidi kuliko nyingine. Mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Vita vilifanya kazi ile kuwa ngumu na ya hatari. Havikuizuia.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo ni ya siri. Fishi ya mwanamke aliyebakwa ni ushahidi. Ikisomwa na mtu asiyestahili, inaweza kumharibia maisha, hata kumuua. Wapo wanaosema ni afadhali isiwepo. Hatukubaliani nao, kwa sababu fishi isiyokuwepo haimlindi mwanamke. Inamlinda aliyemfanyia ubaya. Kinachotakiwa ni kutenganisha jina na ugonjwa. Fishi iwe na namba peke yake, na daftari linaloonyesha namba ipi ni ya nani likae katika kabati jingine, chumba kingine, ufunguo ukiwa kwa watu wawili waliokula kiapo. Nakala iwekwe nje ya mji. Mambo haya hayahitaji umeme.

Mgonjwa awe na namba moja kwa maisha yake yote ndani ya hospitali, iwe amekuja kujifungua, kushonwa au kupimwa presha. Madaktari wa idara mbalimbali wakae pamoja walau mara moja kwa mwezi na kusoma fishi za wagonjwa waliopita kwa zaidi ya mmoja wao; maswali mazuri ya utafiti yatatoka hapo, kabla hayajatoka kwa mfadhili. Kazi za kumaliza masomo wanazoandika wanafunzi wetu wa udaktari kila mwaka zisiishie kwenye rafu ya chuo. Kijana anahesabu fishi mia kadhaa kwa mkono, usiku, akitumia mwanga wa simu, anapata alama zake, na idara iliyompa fishi hizo haipati hata ukurasa mmoja wa majibu. Hilo ni kosa la walimu, na linaweza kurekebishwa muhula ujao.

Na majibu yawarudie waliotoa damu. Kamati ya maadili inayopitisha utafiti katika mji huu isitie saini mpaka ione mahali palipoandikwa nani atarudi kijijini, lini, na kwa lugha gani. Makala ya Kiingereza katika jarida la ng'ambo haisomwi Katana. Mtu aliyepimwa akaonekana sukari yake inaanza kupanda ana haki ya kuambiwa kwa Mashi au kwa Kiswahili, na kuambiwa aende wapi. Wala asitozwe kwa safari hiyo ya pili, maana ujuzi uliopatikana kutoka mwilini mwake umekwisha kuwapa wengine vyeo na shahada.

Litabaki swali la fedha, na hapa tunawaomba wakurugenzi na wafadhili wasikimbilie kompyuta. Kompyuta ni nzuri, tunazitaka, lakini betri yake ikifa au mradi ukiisha, data hulala. Waanze na mtu. Hospitali zina bajeti ya mlinzi wa geti na ya dereva wa gari la mkurugenzi, huku mtunza kumbukumbu akipewa chumba chenye unyevu nyuma ya jengo na malipo yanayokuja yakitaka. Tunaomba apewe chumba kikavu, rafu zisizofikiwa na panya, msaidizi mmoja, na mshahara wa kila mwezi unaolipwa siku ile ile anapolipwa muuguzi.