*TAARIFA YA TAWI: MSIBA NA UHABA HAVIFICHWI*



Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto uliteketeza bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Watoto 21 wakafariki. Taifa likaomboleza siku tatu.

Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kuwa mgao wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari umeshuka hadi takriban Sh16,900. Kwa shule ya wanafunzi 600, hilo ni pengo la zaidi ya Sh3.2 milioni kwa mwaka.

Mambo haya mawili yanakutana mlangoni mwa bweni. Mwongozo wa usalama wa 2008 unataka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Pesa zikipungua, ukarabati ndio huahirishwa kwanza.

Twawaomba wasimamizi wa elimu wa kaunti ndogo yetu: iteni baraza la wazazi. Semeni pesa ngapi zimefika, ngapi bado, na mabweni yapi hayajakaguliwa. Pole bila hesabu haimtulizi mzazi. Hesabu bila pole humuumiza.

Nasi wazazi tusimfanye mwalimu mkuu adui. Si yeye aliyepunguza mgao. Tuhudhurie, tuulize kwa heshima, tuikague milango kwa macho yetu. Kuondoa vyuma dirishani hakungoji bajeti ijayo.

Sambaza kwa kila mzazi.

*Kamati ya Tawi*